Barua ya wazi: Waambieni watoto shahada ya uhusiano wa kimataifa inaishia wapi

Kwa:
Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Waziri wa Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki,
Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU),
Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu.

YAH: GHARAMA NA MATUNDA YA SHAHADA YA UHUSIANO WA KIMATAIFA

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mnisamehe kwa kuanza hivyo. Tangu nihitimu mwaka 2018 sijaandika sentensi nyingine mara nyingi kama hiyo, yote kwenye barua za maombi ya kazi, mpaka sasa mkono unaiandika wenyewe. Safari hii siombi kazi. Kazi ninayo: niko Namanga, kwenye kampuni ya uwakala wa forodha, nahudumia mizigo inayovuka kwenda Kenya na inayoingia kutoka huko. Mshahara unatosha chumba, chakula na makato ya Bodi. Ninachoomba ni hesabu.

Binti wa jirani yangu amemaliza kidato cha sita, kombi ya HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza). Wiki iliyopita alikuja na daftari lenye orodha ya kozi anazotaka kuomba dirisha la udahili likifunguliwa, na namba moja, kwa kalamu nyekundu, ameandika IR, yaani uhusiano wa kimataifa. Akaniuliza, "Kaka, wewe si uliisoma? Unaonaje?" Nikamwomba anipe siku chache. Nikafungua kitabu cha mwongozo cha TCU nikapita chuo kimoja baada ya kingine. Vigezo vya kujiunga vimo. Muda wa masomo umo. Idadi ya nafasi imo. Waliomaliza kozi hiyo miaka mitano iliyopita wako wapi leo? Hilo halimo.

Basi nimempa hesabu ya mtu mmoja, yaani yangu, na ndiyo ninayowaletea.

Nilisoma chuo cha umma, ada milioni moja kwa mwaka. Bodi ilinipa asilimia 60 ya ada, iliyobaki akatoa baba: laki nne kila mwaka, jumla milioni moja na laki mbili, ambayo kwa lugha ya kwetu Kondoa ni ng'ombe wawili. Bumu, yaani hela ya Bodi ya kujikimu, lilikuwa shilingi 8,500 kwa siku. Wadogo zetu sasa wanapata 10,000. Jumlisha bumu la miaka mitatu, vitabu na viandikwa, na hela ya fildi (mafunzo kwa vitendo), deni langu likasimama kwenye milioni tisa na ushee. Wazazi wengi hupigana na ada wakidhani ndiyo gharama ya shahada. Ada ndiyo ndogo. Kinachojaza deni ni wali maharage wa miaka mitatu.

Mshahara wangu wa kwanza ulikuwa shilingi 450,000. Makato ya asilimia 15 ni 67,500 kwa mwezi. Gawanya mwenyewe: zaidi ya miezi 130, miaka kumi na moja na kidogo. Na wakati huo ilikuwapo bado ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha, ambayo kwa deni kama langu ni kama shilingi 45,000 kwa mwezi. Maana yake katika kila 67,500 niliyokatwa, elfu ishirini na mbili tu ndiyo iliyogusa deni lenyewe. Tozo hiyo ilipofutwa mwaka 2021 nilipiga makofi peke yangu chumbani, na sioni aibu kulisema.

Kuna gharama nyingine haimo kwenye taarifa ya Bodi. Kati ya kuhitimu na kupata kazi nilikaa mtaani zaidi ya miaka miwili. Nilianza chuo mwaka 2015. Juni 2016 serikali ikasitisha ajira kwa muda ili kuhakiki watumishi hewa, na tulipotoka mwaka 2018 kundi lililotutangulia lilikuwa bado limejaa mtaani likisubiri. Nimefanya usaili wa mchujo wa nafasi tatu kwenye ukumbi ambao viti vilikwisha tukaandikia mapajani. Nimewahi kufaulu, nikaambiwa nimewekwa kwenye kanzidata, orodha ya waliofaulu wanaosubiri nafasi. Asiyewahi kuwekwa kwenye kanzidata hajui raha yake: umeshinda na huna kazi.

Simlaumu mtu kwa hilo. Nafasi za Afisa Mambo ya Nje Daraja la Pili, ngazi anayoanzia mhitimu, haziwezi kulingana na idadi ya vijana wanaohitimu uhusiano wa kimataifa kila mwaka, hata nchi iwe tajiri namna gani. Ubalozi si shule ya kata kwamba kila kata ipate wake. Ninacholalamikia ni kwamba tulisoma miaka mitatu kana kwamba kila mmoja wetu ametengewa nafasi yake.

Nitoe mfano wa jinsi ndoto hiyo inavyopikwa. Kila mwanafunzi wa IR nchini huanza na habari za Dkt. Salim Ahmed Salim: balozi mjini Cairo mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 22, rais wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1979, Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) kuanzia 1989 hadi 2001. Habari ni ya kweli na inastahili kusimuliwa. Lakini husimuliwa nusu. Mwaka 1964 wasomi wetu walihesabika vidoleni na nchi ilihitaji watu jana. Na shahada yake ya uzamili ya mambo ya kimataifa, aliyoipata Columbia, New York, ilikuja baada ya kazi ya ubalozi kuanza, si kabla. Kazi ilitangulia, darasa likafuata. Sisi tumegeuziwa mpangilio, kisha tunashangaa mlango haufunguki. Isitoshe, mabalozi huteuliwa na Rais, na wapo wanaotoka jeshini, bungeni na kwenye taaluma nyingine kabisa, bila kuwahi kuomba nafasi ya daraja la pili.

Mlango wa pili tulioonyeshwa ni mashirika ya kimataifa. Nairobi iko kilomita kama 160 kutoka hapa nilipo, na ndiko yaliko makao makuu ya shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira na lile la makazi. Ukikaa Namanga unayaona magari yao yanapita. Lakini kujifunza kazi ndani ya sekretarieti ya Umoja wa Mataifa hakuna malipo. Nilipata nafasi kama hiyo kwenye shirika moja, miezi mitatu, nikapiga hesabu ya kodi ya chumba, matatu na chakula Nairobi, nikaiacha. Aliyechukua, naamini, ana baba mwenye zaidi ya ng'ombe wawili. Mtihani wao wa kuajiri vijana una ukomo wa miaka 32, na lazima nchi yako iwe kwenye orodha ya mwaka huo. Zile nafasi za maofisa wachanga nyingi hulipiwa na serikali za nchi tajiri, kwa ajili ya vijana wao. Haya yote yanajulikana. Mimi niliyajua nikiwa na miaka 26.

Na hali ya sasa ni mbaya kuliko ya kwetu. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lililokuwa likiajiri watu wetu moja kwa moja na kupitia miradi isiyohesabika, lilifungwa rasmi Julai 2025. Umoja wa Mataifa wenyewe unakata bajeti na kupunguza nafasi. Mtu mwenye uzoefu wa miaka kumi kwenye miradi hiyo sasa anagombea kiti kimoja na huyo binti wa kalamu nyekundu.

Kuna jambo jingine ambalo mhadhiri mmoja tu alitudokeza, tena koridoni, akiwa anatoka. Uhusiano wa kimataifa hauna bodi ya taaluma. Mhasibu ana bodi yake, NBAA. Mhandisi ana bodi yake ya usajili. Mwanasheria akipita Shule ya Sheria anakuwa wakili. Chini ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza mwaka 2010, wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo wametiliana saini makubaliano ya kutambuana, ili mtu wa Mwanza aweze kufanya kazi Kampala. Sisi tuliosomea huo ushirikiano wenyewe hatumo. Tunajua itifaki ilivyoandikwa, ila haitusaidii sisi wenyewe kuvuka. Kila nikiifikiria nacheka, halafu nanyamaza.

Naomba sasa niwapeleke kwenye foleni ya malori, maana hapo ndipo nilipoijua thamani ya shahada yangu, juu na chini.

Nilichukua cheti cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha, cha miezi sita, kwa pesa aliyonikopesha dada. Miezi sita hiyo ndiyo iliyonipa ajira. Machi 2021 nilikuwa na miezi minne tu kazini, Kenya ikatangaza tarehe 5 kuzuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka. Malori yakalala upande wetu. Kwenye foleni ile kulikuwa na mama mmoja, mfanyabiashara, mahindi yake yametoka Kibaigwa, semi nzima. Siku ya pili alipanda juu ya lori mwenyewe, kanga imefungwa kiunoni, akafunua turubai, akafumua mdomo wa gunia na kuzamisha mkono hadi kiwikoni. Alipoutoa aliunusa. Mahindi yameanza kupata joto. Akashuka, akaja ofisini kwetu, akauliza nani anayaelewa mambo haya. Wenzangu wakanisonda vidole: huyu hapa, ana digrii.

"Mwanangu, wewe si umesoma mambo ya nje? Haya, hao wa nje wanataka nini?"

Majibu nilikuwa nayo tele. Kwamba Itifaki ya Umoja wa Forodha ilisainiwa mwaka 2004. Kwamba vikwazo visivyo vya kiforodha vina utaratibu wake wa kuviripoti na kuviondoa. Kwamba nchi ina haki ya kulinda afya ya walaji wake. Yeye alitaka kujua sumukuvu inapimwa wapi, nani anachukua sampuli, siku ngapi, shilingi ngapi, na cheti kikitoka kinapelekwa dirisha gani. Nikabaki namtazama. Aliyemjibu ni kijana wa meza ya pembeni, mwenye cheti kama changu na miaka minane ya mpakani. Alimjibu bila kuinua macho kwenye kompyuta.

Lakini haki itendeke. Siku chache baadaye Kenya ikalegeza: mahindi yapite, ila mwagizaji awe amesajiliwa na kila mzigo uwe na cheti kinachothibitisha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Masharti yakaja kwa Kiingereza cha kiserikali, kile cha kuzungukazunguka. Hapo ofisi nzima ilinigeukia. Niliyasoma, nikawaeleza wafanyabiashara kumi na wawili wakiwa wamekaa kwenye magunia: lipi ni la kwao, lipi ni la mnunuzi wa upande wa pili, lipi linaweza kujadiliwa. Nikaandika barua kwa wateja wao wa Nairobi usiku ule. Mama wa Kibaigwa akavuka, akauza kwa hasara, lakini akauza. Mwezi Mei Rais Samia alipokwenda Nairobi, vikwazo vya biashara vilikuwa miongoni mwa mazungumzo, nami nilifuatilia kila neno kama mtu anayesikiliza habari za kwao. Mwaka uliofuata bosi aliniongeza mshahara kwa sababu ya barua.

Kwa hiyo sisemi IR ni kozi ya hovyo. Ilinifundisha kusoma waraka na kuona kilichofichwa kwenye aya ya tatu. Lakini ilinifaa siku iliposimama juu ya ujuzi mwingine, ambao niliununua mwenyewe kwa deni jingine. Chuo changu kingeweza kunipa vyote viwili ndani ya miaka mileile mitatu na bumu lilelile.

Chukueni lugha. Niliingia chuo na Kiswahili na Kiingereza, nikatoka na Kiswahili na Kiingereza. Jumuiya ya Afrika Mashariki leo ina nchi nane, na Kongo, Burundi na Rwanda hutumia Kifaransa serikalini. Kusini yetu kuna Msumbiji na Kireno chake. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) tangu 2019, Umoja wa Afrika umekipokea, na dunia inakiadhimisha kila tarehe 7 Julai. Kote huko wanahitajika wakalimani, na mkalimani wa Kiswahili asiyekuwa na lugha ya pili ya kazi zaidi ya Kiingereza anagombea nafasi na nusu ya Dar es Salaam. Kwetu Kifaransa kilikuwa somo la hiari la muhula mmoja. Nakumbuka kusalimia na kuhesabu hadi ishirini.

Chukueni fildi. Nilitumwa ofisi moja jijini nikatoa nakala kwa wiki nane. Nilikuwa hodari sana wa kutoa nakala za pande zote mbili. Wakati huohuo sera yetu ya mambo ya nje ya mwaka 2001 inahubiri diplomasia ya uchumi, na toleo lake jipya lililozinduliwa Mei 2025 linaendeleza palepale. Diplomasia ya uchumi inaonekana hapa Namanga, na Rusumo, na Tunduma, kwenye vituo vya pamoja vya mpakani ambako ofisa wa Tanzania na wa nchi jirani wanakaa jengo moja. Tangu nije sijamwona mwanafunzi hata mmoja wa IR akiletwa kufanya fildi kwenye ofisi yetu. Mleteni. Wiki nane za cheti cha uasili wa bidhaa, cheti cha afya ya mimea na mabishano ya madereva zitamfaa kuliko muhula mzima wa nadharia za mizani ya madaraka.

Sasa ombi lenyewe, ambalo halihitaji mshauri mwelekezi wala semina Morogoro. Bodi ya Mikopo inayo namba yangu ya mtihani wa kidato cha nne. Inajua nilisoma chuo gani, kozi gani, nilimaliza lini. Tangu mwajiri alipoanza kunikata, inajua nimeajiriwa na nani na, kwa kuwa makato ni asilimia ya mshahara, inajua napata kiasi gani. Inayo habari hiyo kwa kila mnufaika anayerejesha. Hata wale ambao hawajaanza kukatwa miaka mitano baada ya kuhitimu, hilo nalo ni jibu. Chukueni jumla, bila jina la mtu, mkae na TCU, mchapishe mstari mmoja chini ya kila kozi kwenye kitabu cha mwongozo: waliohitimu mwaka fulani walikuwa wangapi, wangapi wameanza kurejesha, wapo sekta zipi, mshahara wa kati ni upi, deni la kawaida ni kiasi gani. Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Nje aongeze idadi ya maofisa wa daraja la pili walioajiriwa kila mwaka kwa miaka kumi. Namba hiyo mnayo kwenye faili. Hata ikiwa ndogo kiasi cha kutia aibu, iandikeni. Kijana akiona namba hiyo na bado akataka IR, huyo mpokeeni kwa mikono miwili, kwa sababu anajua anachokifuata.

Na kama vyuo vikilalamika kwamba takwimu hizo zitawakimbiza wanafunzi, basi watakuwa wametujibu.

Binti wa jirani nilimjibu jana jioni. Nilimwambia achague kati ya mawili: achukue sheria au takwimu na kusomea mambo ya nje baadaye akiwa kazini, au achukue IR hiihii lakini aanze Kifaransa mwezi huu, kabla hata ya chuo, na likizo ya kwanza aje akae na mimi ofisini bila malipo aone cheti cha uasili kinavyojazwa. Alinisikiliza, akafungua daftari. Hakufuta IR. Aliandika pembeni yake, kwa kalamu ileile nyekundu, "Kifaransa – bei?"

Hata hiyo bei imenibidi niitafute mwenyewe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mhitimu wa mwaka 2018,
Namanga.

Nakala:
Baba, Kondoa – kwa taarifa. Ng'ombe wa kwanza nitamrudisha mwakani.
Mama wa mahindi, Kibaigwa – kwa taarifa. Sampuli sasa najua inachukuliwaje.